Eda ya Dungusi

Marehemu ameniachia redio isiyoshika stesheni,
deni la unga dukani kwa Shee Kombo,
na dungusi.

Dungusi refu kuliko mlango wa sabule,
mbavu kumi na moja, kila ubavu
umepangwa miba kama vitana.
Alilileta likiwa kijiti, urefu wa kidole,
ndani ya kopo la maziwa,
mwaka aliohamishiwa gatini.
Miaka ishirini na sita tumegombania ua huu,
mimi na kamba yangu ya nguo, lenyewe na miba yake.
Leso tano limezitoboa. Mipira ya watoto hatuhesabu.
Nilimwambia: mume wangu, chagua.
Akacheka, akaenda kulipangusa vumbi
kwa brashi ya rangi.

Mwezi wa nne wa eda, usiku, kasiki likalia: ta!
Asubuhi nikaona ufa umeshuka hadi chini,
mizizi imechungulia nje
kama vidole vya mtu anayepapasa swichi gizani.

Mwenye eda hatoki, wala haonwi na asiye maharimu.
Nikamwita Lali, mtoto wa dada yangu,
naye akaja na rafikiye Twahiri, fundi wa saruji.
Pazia likashushwa, nikaketi nyuma yake
nikawa nyapara kwa sauti tu.

Mchanga mmeuosha? Wa Shela una chumvi.
Maji matatu, mpaka ulimi ukubali.
Kasiki bovu livunjeni, vigae vikae chini, maji yapate njia.
Mkaa kiasi. Samadi ya punda iliyooza, konzi moja.
Moja, Twahiri, nakusikia ukichota.
Hili halikuzoea karamu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilishuka peke yangu na chokaa
nikatia alama upande uliotazama kibla.
Ngozi yake ina upande wa jua na upande wa kivuli;
ukiligeuza laungua kama mgeni wa Januari.
Aliniambia hayo marehemu,
nami nikajifanya nachambua mchele.

Wakalivika gunia juu ya gunia,
kisha mkeka wa kale, kamba tatu, wakalilaza.
Lali kichwani, Twahiri miguuni.
"Polepole," alisema Twahiri, "kichwa kisigonge,"
na baada ya hapo hakuna aliyesema neno.
Kwenye upenyo wa pazia niliona mkeka,
niliona vijana wawili wameinama.
Miezi minne nyuma niliyaona hayo hayo, dirisha la juu,
na siku ile hakuna aliyeniuliza upande upi.

Haya, nikasema, chokaa itazame kibla.
Sauti ikatoka kavu, nikairudia.

Twahiri alibaki na miba kiganjani.
Nikapitisha mshumaa chini ya pazia:
idondoshee nta, iache igande, kisha bandua.
Mikubwa utaing'oa kwa kibano.
Ile usiyoiona ndiyo itakayokuamsha usiku.

Lali akashika ndoo. "Mama mdogo, nilinyweshe?"
Weka chini. Mizizi imekatika;
kidonda kibichi ukikipa maji kinaoza.
"Siku ngapi, basi?"
Nikahesabu zangu kwa vidole.
Kumi na mbili, nikasema.

Tukakaa.
Lenyewe limefungwa kamba ukutani lisianguke,
mimi nimefungwa na mengine.
Bi Zeituni alikuja na mahamri, akalitazama, akaguna:
"Limekufa hilo."
Halijafa, nikamwambia. Mahamri yako yana iliki nyingi.

Siku ya kumi na tatu nikaoga, nikavua nguo za eda,
nikajitanda leso, ile yenye matundu.
Nikateka kopo moja, nikamimina pembeni, kidogo kidogo,
mpaka maji yakachuruzika chini ya saruji
yakaufuata mteremko wa ua, yakanifikia miguuni.
Chokaa ingalipo. Sijaifuta.

Jioni nikahamisha kamba ya nguo.
Hatua mbili. Si zaidi.